Kufuta si kutengeneza

Leo nina neno na mafundi wenzangu wa programu, na pia na wale ambao si mafundi lakini ndio hutupigia simu mambo yakiharibika. Neno lenyewe ni fupi: tuache kufuta ovyo.

Mnajua ninachosema. Mfumo umegoma, mteja amepiga simu mara tatu, na fundi anaanza ibada yake. Anazima seva, anaiwasha. Ikikataa, anafuta folda ya .m2. Ikikataa tena, anafuta majedwali ya hifadhidata na kuyaunda upya. Ikikataa kabisa, anaweka mfumo wote upya kuanzia sufuri, kisha anangoja M-Pesa iingie. Na mara nyingi hata inafanya kazi! Hapo ndipo taabu ilipo. Imefanya kazi lakini hakuna anayejua ugonjwa ulikuwa gani, kwa hivyo utarudi. Zaidi ya hapo, kila kitu alichofuta kilikuwa ushahidi.

Kwa ambao si wa fani hii, nieleze kidogo. Programu ya upande wa seva ina sehemu mbili zinazotukosesha usingizi kuliko nyingine. Ya kwanza ni kuhifadhi data. Katika ulimwengu wa Java kazi hiyo hufanywa sana na Hibernate, maktaba iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Hibernate inachukua vitu vya ndani ya programu (mkulima, mzigo, malipo) na kuvigeuza kuwa safu katika majedwali. Ya pili ni kuijenga programu yenyewe. Kodi unayoandika (si ile ya KRA) haitoshi peke yake. Inahitaji maktaba kadha wa kadha za watu wengine. Maven, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, husoma faili iitwayo pom.xml, ikaenda kwenye ghala la mtandaoni liitwalo Maven Central, ikaleta maktaba hizo na kuzihifadhi katika folda ya .m2 kwenye mashine yako. Basi.

Sasa fikiria vyombo hivyo viwili vikiwa hapa Njoro. Vyote vinataka stima isipotee katikati ya kazi, na kimoja kinataka mtandao pia. Huku kwetu stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea hivyo tena Novemba na Desemba mwaka uo huo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvuta kwa kamba. Kwa hivyo hitilafu hizi zitatupata tupende tusipende. Swali ni tunazishughulikia vipi.

KISA CHA MAZIWA

Kuna chama kimoja cha wafugaji pande hizi, sitakitaja jina. Alfajiri wakulima huleta maziwa kituoni, karani anapima, anaandika kilo kwenye kompyuta, risiti inachapishwa, mkulima anaenda zake. Hifadhidata, ambayo ni PostgreSQL, iko ofisini kwenye seva yenye betri yake. Kompyuta ya kituoni haina betri.

Mwisho wa mwezi mmoja wakulima kadhaa walikuja na risiti ambazo ofisi haikuwa nazo. Karatasi zipo, namba zipo, lakini kwenye mfumo hakuna kitu. Mnaweza kukisia lawama zilimwangukia nani. Karani! Ilisemwa amefuta kilo za watu na kuwaandikia jamaa zake. Fundi wa kwanza aliyeitwa akasema ni virusi, akashauri mfumo wote uwekwe upya. Kamati ilikuwa tayari kumfuta karani kazi. Ndipo nikaitwa niangalie kabla fundi hajaanza.

Jambo la kwanza nilifanya ni kunakili. Nakala ya hifadhidata, nakala ya faili za logi, zote kwenye diski ya pembeni. Baada ya hapo nikaanza kusoma.

Namba za risiti kwenye jedwali zilitoka 4118 zikaruka hadi 4152. Risiti 33 hazipo. Kwa mtu asiyejua, pengo hilo linafanana kabisa na wizi. Lakini PostgreSQL ina tabia moja: namba ikishatolewa hairudi, hata kama muamala umebatilishwa. Kwa hivyo pengo lina maelezo mawili. Ama safu zilihifadhiwa kisha zikafutwa, ama hazikuwahi kuthibitishwa tangu mwanzo. Yatofautishwe vipi? Kwa logi. Kwa bahati nzuri seva ile iliwekwa kuandika kila amri inayopokea. Zilikuwepo INSERT 33, moja baada ya nyingine, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Hakukuwa na DELETE hata moja. COMMIT pia haikuwepo. Kisha, takriban saa mbili baada ya INSERT ya mwisho, kulikuwa na mstari huu:

unexpected EOF on client connection with an open transaction

Maana yake ni kwamba mteja wa hifadhidata, yaani ile kompyuta ya kituoni, alipotea huku muamala ukiwa bado wazi. Kwa nini saa mbili baadaye? Kompyuta ikizimika ghafla haiagi. Seva inaendelea kungoja, na kwa mpangilio wa kawaida wa Linux hupita saa mbili kabla ya kuulizia kama mwenzake bado yuko. Asubuhi ile stima ilipotea kituoni, na wanakijiji waliikumbuka siku yenyewe.

Aliyeandika programu alikuwa amefungua muamala mmoja mtungi wa kwanza ulipopimwa, na kuuthibitisha pale tu karani anapobonyeza kitufe cha kufunga zamu. Kwenye skrini kila kitu kilionekana kimehifadhiwa. Namba ilitoka, risiti ikachapishwa. Ila kwa hifadhidata zamu nzima ilikuwa ahadi tu, na stima ilipokwenda ahadi ikaenda nayo.

Dawa haikuwa ngumu. Kila mtungi uwe muamala wake, na risiti isichapishwe mpaka COMMIT irudi salama. Wakulima walilipwa kwa risiti zao na karani yuko kazini hadi leo. Sasa jiulize: kama mfumo ungewekwa upya kama alivyoshauri fundi wa kwanza, logi ingeenda na mama wa watu angebaki mwizi.

MAGONJWA YA HIFADHIDATA NA DALILI ZAKE

Nimeona magonjwa machache yakijirudia, hapa Njoro na hata Nakuru mjini. Nitayataja kwa dalili zake, kwa maana dalili ndiyo utakayokutana nayo kwanza.

Data yote inapotea kila ukiwasha upya. Usilaumu diski. Angalia spring.jpa.hibernate.ddl-auto. Ikiwa imewekwa create au create-drop, Hibernate inabomoa majedwali na kuyajenga upya, kama ilivyoagizwa. Watu hunakili mpangilio huo kutoka kwenye masomo ya mtandaoni, ambako unafaa kwa majaribio. Angalia pia kama unatumia H2 ya ndani ya kumbukumbu, ambayo haiishi zaidi ya programu yenyewe. Kwenye kazi halisi weka validate, na mabadiliko ya majedwali yaachie Liquibase au Flyway.

Nusu imehifadhiwa, nusu haipo. Pesa imetoka akaunti moja, haijaingia nyingine. Kwenye Spring kuna mitego miwili. Mbinu yenye @Transactional ikiitwa na mbinu nyingine ya darasa lilo hilo, Spring haioni wito huo, na hakuna muamala unaofunguliwa. Na kosa la aina ya zile ambazo Java inakulazimisha kuzitangaza halirudishi muamala nyuma mpaka uagize hivyo. Ukiwa na MySQL ya zamani angalia pia injini ya jedwali. Kabla ya toleo 5.5 la mwaka 2010 injini ya kawaida ilikuwa MyISAM, ambayo haijui muamala ni nini. Jedwali lililoundwa enzi hizo hubaki hivyo hivyo mpaka mtu alibadilishe.

Programu inaganda inapowaka, ikisema "Waiting for changelog lock". Hii ni ya stima moja kwa moja. Liquibase hujifungia kufuli katika jedwali DATABASECHANGELOGLOCK kabla ya kubadilisha majedwali. Stima ikipotea katikati, kufuli inabaki na mwenye ufunguo hayupo. Nimeona watu wakifuta hifadhidata nzima kwa sababu ya safu moja! Soma jedwali hilo, litakuambia nani aliweka kufuli na saa ngapi. Hakikisha hakuna nakala nyingine ya programu inayoendelea. Kisha ifungue kwa amri ya Liquibase yenyewe, na ukague kama badiliko la mwisho lilikamilika.

Sekunde ya mwisho imetoweka. Mtandaoni utashauriwa uweke innodb_flush_log_at_trx_commit kuwa 2 ili MySQL ikimbie. Ni kweli itakimbia. Ila mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza kama sekunde moja ya miamala ambayo wateja waliambiwa imekubaliwa. Kwa takwimu za wageni wa tovuti, sawa. Kwa malipo ya watu, iache 1.

MAVEN NAYO

Tukija kwenye kujenga, ibada ya kufuta ni kali zaidi. Kila kosa la Maven dawa yake ni kufuta .m2. Wanafunzi wa Njokerio watanielewa nikisema hiyo ni bando ya wiki nzima imeenda kwa kuleta upya vitu ulivyokuwa navyo.

Ukiona "error in opening zip file", kuna uwezekano mkubwa ni faili moja ya jar iliyokatika katikati ya kupakuliwa. Kosa lenyewe hutaja njia ya faili. Ondoa folda ya maktaba hiyo moja, acha nyingine mia mbili zilizo nzima. Ikiwa Maven inakataa hata kujaribu, eti ilishindwa awali, tafuta faili zinazoishia .lastUpdated. Hapo imekumbuka kushindwa kwa jana, na mvn -U inaiambia ijaribu tena. Ukipata NoSuchMethodError programu ikishawaka, matoleo mawili ya maktaba moja yanagombana. Endesha mvn dependency:tree. Maven huchagua toleo lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti ule, si lazima liwe jipya zaidi. Ukishajua hivyo, mengi ya ajabu yanaacha kuwa ajabu.

Kuna makosa mengine ambayo hata ukifuta mara kumi hayaondoki, kwa sababu dunia ndiyo imebadilika. Mradi wa zamani ukikujibu "501 HTTPS Required", ujue Maven Central iliacha kupokea maombi ya http tupu tangu tarehe 15 Januari 2020. Badilisha anwani, kwisha. Ukipandisha mradi hadi Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, na ghafla javax.persistence haionekani, hujaharibu kitu: jina limekuwa jakarta.persistence.

Na kuna hili ambalo laiti kila fundi angelijua kabla ya kugusa .m2. Maghala hufa. Bintray ilifungwa Mei 2021, na JCenter, ghala lililotumiwa sana na watu wa Android na Gradle, ikaacha kupokea maktaba mpya mwaka uo huo. Si kila kilichokuwa huko kilihamia Maven Central. Kwa mradi wa zamani inawezekana kabisa kwamba nakala ya pekee ya maktaba fulani unayoweza kuifikia iko kwenye mashine yako, ndani ya folda ile ile unayotaka kuifuta. Ukiifuta leo, kesho utaitafuta wapi?

WALIOFIKIRI MAPEMA

Msiseme haya ni mambo ya Ulaya. Mfano mzuri uko Eldoret. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa AMPATH, ulio na makao yake Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana huko Marekani. KenyaEMR, ambayo imetumiwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Ndani yake ni Java, Hibernate, MySQL, Liquibase na Maven. Yaani ni vyombo hivi hivi ninavyopigia kelele.

Angalia majedwali yake. Rekodi iliyokosewa haifutwi, inabatilishwa. Kuna safu ya voided, ya aliyebatilisha, ya tarehe, na ya sababu. Kipimo cha mgonjwa kikiandikwa kimakosa kinatoka machoni pa daktari lakini kinabaki kwenye jedwali pamoja na jina la aliyekitoa. Mgonjwa wa dawa za maisha hawezi kuwa na historia yenye mashimo ambayo hakuna anayeweza kuyaeleza. Kama data ya mgonjwa inastahili heshima hiyo, kilo za maziwa na karo za wanafunzi zakosaje?

Hata walioandika PostgreSQL walipitia somo la aina hii. Mwaka 2018 waligundua kwamba kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika, kuuliza mara ya pili kungeweza kurudisha jibu la "sawa" ilhali data imepotea. Katika matoleo ya Februari 2019 walibadilisha tabia: seva ikipata kosa hilo inajisimamisha na kujirejesha kutoka kwenye daftari lake la kumbukumbu, haijaribu tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliona heri mfumo usimame kuliko kudanganya.

"LAKINI MTEJA ANANGOJA"

Najua mtakachosema. Mteja hataki somo la historia, anataka mfumo uwake. Foleni imefika nje. Kufuta na kuwasha upya ni dakika kumi, kusoma logi ni siku mbili ambazo hakuna atakayelipia.

Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Kuna wakati ni lazima uwashe upya kwanza, maswali baadaye. Ila sikubali kwamba haraka inahitaji kufuta. Kubadilisha jina la .m2 kuwa .m2-zamani ni sekunde moja, na Maven itaunda nyingine. Kunakili faili za logi ni dakika. Kwa hifadhidata ya biashara ndogo, pg_dump au mysqldump humaliza kabla chai haijapoa. Ukishafanya hivyo washa upya unavyotaka, foleni isonge, na usiku ukae na ushahidi wako. Muda wa ziada ni mdogo, na malipo yake ni kwamba hutaitwa tena kwa ugonjwa ule ule.

Kuhusu kulipwa, hapo nawageukia wateja. Mnalipa fundi akiwasha mfumo, hamumlipi akieleza kwa nini ulizima. Ndiyo maana mnapata wa kuwasha. Fundi akimaliza mwulizeni maswali matatu: ilikuwa nini, umejuaje, na nakala ya kabla hujagusa iko wapi? Akijibu "ilikuwa virusi tu", msifunge mkoba kwa furaha. Na kabla hamjamfuta mtu kazi kwa sababu ya kile kompyuta inachosema, takeni kuonyeshwa logi.

Kwenu wanafunzi, mradi wenu wa mwaka wa mwisho ukikamilika, ufanyieni jaribio moja ambalo halimo kwenye masomo mengi. Chomoa waya wa stima programu ikiwa katikati ya kuhifadhi. Washa tena uhesabu safu. Kisha zima data ya simu na ujaribu kujenga kwa mvn -o, baada ya kuwa umetangulia na mvn dependency:go-offline. Ukipita mitihani hiyo miwili uko tayari kufanya kazi Njoro, na ukiweza Njoro utaweza kwingine.

Haya, nimemaliza. Kama una dawa bora kuliko ya kunakili kwanza, au unaona natia chumvi, niambie. Ila usiniambie ulifuta ikapona. Niambie ilikuwa inaumwa nini.

Wasalaam.